Breki Mahali Pasipo na Kona

Saa tatu asubuhi, Jumatatu, meza nne zilikuwa zimesogezwa katikati ya chumba na kila meza ilikuwa na usukani.

Msimamizi alikuwa anazifuta sukani hizo kwa kitambaa chenye maji, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alinisalimia bila kuinua kichwa. Wanne tulikuwa tumebaki. Mmoja angetoka kabla ya chakula cha mchana.

Msomaji aliyekosa wiki zilizopita atosheke na haya. Studio yetu ilianzia katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya kuziba matairi. Tulikuwa watatu: mume wangu, aliyejiita Mkurugenzi hata kabla hatujawa na kiti cha pili, kaka yangu, fundi wa sauti, na mimi, niliyeandika fizikia ya magari, yaani hesabu zinazoliambia gari liteleze lini na lisimame wapi. Gemu letu la kwanza, Kona Kali, lilikuwa na magari yanayofanana na viberiti. Watu walilicheza kwenye simu zao hata hivyo. La pili, Lami, ndilo lililotutoa juu ya karakana na kutupeleka ghorofa ya nne ya jengo lenye lifti, tukafika watu thelathini na kitu. Kisha mume wangu akaiuza studio kwa kampuni kubwa bila kunishirikisha, akaniacha mimi pamoja na samani. Nikahamia chumba cha uani nyumbani kwa kaka. Wanunuzi wakaanza kupunguza watu, leo wawili, kesho watano, huku Lami ya Pili ikiwa haijakamilika hata nusu. Wiki iliyopita niliishia pale tulipobaki wanne.

Wanne wenyewe ni hawa. Mimi, ninayeitwa Breki, kwa kuwa breki za Lami ndizo zilizosifiwa kuliko chochote tulichowahi kutengeneza. Kaka yangu, anayeitwa Masikio. Mke wake, yaani wifi yangu, mchoraji wa barabara na majengo ya ndani ya gemu. Na Kamanda, mjaribu gemu, anayeyaamrisha magari kwa sauti utadhani yanamsikia.

Tangu enzi za karakana tulikuwa na mbio za Jumatatu. Kabla ya kazi, kila mmoja alikaa kwenye kiti chake tukashindana mizunguko mitatu katika gemu kama lilivyo siku hiyo, hata kama magurudumu yanazama ardhini au daraja limegeuka juu chini. Wa mwisho alibeba mdudu. Maana yake alipewa kasoro mbaya kuliko zote zilizomo kwenye gemu, akae nayo wiki nzima mpaka aiue. Ulikuwa utani na ilikuwa kazi. Hakuna aliyewahi kununa.

Ijumaa, Msimamizi aliyeletwa na kampuni alituita. Ni mwanamke mpole, anayesema tafadhali hata kwa lifti.

"Nimeambiwa mna utaratibu wenu wa Jumatatu," alisema. "Ni mzuri. Mimi siwajui, ninyi mnajuana. Wa mwisho wiki hii hatabeba mdudu. Atabeba vitu vyake."

Kamanda alicheka. Alipoona hakuna aliyemuunga mkono, akakigeuza kile kicheko kuwa kikohozi.

"Nani alikuambia habari za Jumatatu?" niliuliza.

"Masikio. Tulikuwa tunakunywa chai."

Kaka aliinua mabega. "Aliniuliza huwa tunajifurahisha vipi, dada. Ningemwambia tunasuka mikeka?"

Hakuna aliyehitaji kuuliza nani angekuwa wa mwisho. Kamanda hashindwi. Mimi hushika nafasi ya pili. Waliobaki ni kaka na wifi, ambao walikuwa wakipokezana mdudu kama mtoto mchanga. Kaka alimbeba mara nyingi zaidi. Kwa maneno yake mwenyewe, kifundo cha mkono wake wa kulia hakikukaa sawa tangu alipoporomoka na mashine ya kurekodia kwenye ngazi za karakana.

Kwa hiyo ilikuwa mume au mke. Mmoja wao angefukuzwa na mwenziwe, mbele yetu, kwa usukani.

Hapa inabidi nieleze kitu kimoja cha kazi yetu. Ndani ya Lami kuna hesabu tunayoiita mkono wa huruma. Gari likibaki nyuma, huongezewa nguvu kidogo kidogo bila dereva kuambiwa, ili mbio zisimchoshe. Mchezaji hudhani ameamka na bahati. Niliiandika mimi, mwaka ule kaka alipoumia, kwa sababu alikuwa ameanza kuchelewa kwa makusudi siku za Jumatatu. Siku zote tulishindana mkono huo ukiwa umewashwa.

Msimamizi aliagiza safari hii uzimwe. Nani azime? Aliyeuandika.

Jumapili mchana nilikuwa uani naanika nguo. Wifi alitoka na beseni kubwa. Halikuwa na nguo ndani.

"Wifi, ule mkono umeshauzima?"

"Kesho asubuhi."

"Na ukisahau mashine moja?"

"Mashine ipi?"

"Ya yule anayekupikia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua kibanio kimoja kwenye kamba yangu akawa anakifungua na kukifumba.

"Unataka nimtoe kaka yangu kazini?"

"Nataka utumie hicho kichwa unachosifiwa. Kaka yako ana masikio. Popote penye kipaza sauti atapata riziki, redioni, kwenye harusi, popote. Mimi nachora lami, wifi. Nyufa za lami. Nionyeshe mtu mwingine anayetafuta mchoraji wa nyufa."

"Ni mumeo huyo."

"Ndiyo maana nina haki ya kumsema."

"Siugusi huo mkono," nilisema. "Nauzima wote, kila mtu apigane na hali yake."

"Haya," alisema. "Umejibu upesi kweli." Akaingia ndani na beseni lake tupu. Kibanio alikwenda nacho.

Baadaye, wifi akiwa bafuni, kaka aliniita sebuleni. Alipunguza sauti ya televisheni kwanza. Hiyo ni tabia yake: hawezi kusema jambo la maana huku kuna kelele inayoshindana naye.

"Dada, nataka kukuomba jambo la aibu."

"Basi usiliombe."

"Mkono huu." Aliunyoosha mbele yangu, ukatetemeka. "Ukiuacha ule mwingine ufanye kazi kwenye mashine yangu, nani atajua?"

"Wewe. Injini ikiongezewa nguvu, sauti inapanda. Wewe peke yako ndiye unayeisikia."

"Nitajifanya kiziwi."

"Na mkeo?"

"Mke wangu ana mume wa kumtunza. Mimi nina nani?"

Aliirudisha sauti ya televisheni pale pale ilipokuwa.

Jioni hiyo tulikula mezani watu watatu. Wawili kati yao walikuwa wameniomba, kila mmoja kwa siri yake, nimfukuzishe mwenziwe kazi. Kaka aliomba chumvi. Wifi akampa, akamtoa na punje ya chakula kwenye ndevu.

Sasa narudi Jumatatu. Msimamizi alipomaliza kufuta sukani alikwenda kusuuza kitambaa. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilizima mkono wa huruma kwenye mashine yangu, kwenye ya Kamanda na kwenye ya wifi. Kwenye mashine ya kaka niliuacha. Niliupunguza nguvu, ili gari liende kama gari la dereva aliyeamka vizuri, basi.

Sitasema nilisukumwa na upendo. Nilipima. Kaka alinipa chumba nilipoachwa. Wifi alinipa shuka za chumba hicho na kunikumbusha kila wiki kwamba ni zake. Mizani ililala upande mmoja.

Niliufunga mkono huo kwenye mashine, si kwa dereva. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Kila mtu ana kiti chake, usukani alioulegeza au kuukaza mwenyewe, kanyagio ambalo mguu wake umelizoea. Tangu tuanze sikuwahi kuona mtu akikalia kiti cha mwenzake. Mtu wa fani nyingine angeweza kufikiria kwamba viti hubadilishwa. Mimi sikufikiria.

Waliingia pamoja, kaka na wifi, kama kawaida, mmoja akimshikia mwenziwe mlango. Kamanda alifuata nyuma akitafuna kalamu.

"Madam," wifi alisema kabla hajakaa. "Nina ombi moja dogo. Usukani wa mume wangu ni mgumu, wangu ni laini, na mkono wake unamsumbua. Mimi na yeye tubadilishane viti. Akishindwa, ashindwe na mimi, asije akasema ameshindwa na usukani."

Msimamizi alifurahi. Nilimwona akifurahi. "Huo ni utu," alisema. "Kuna anayepinga?"

"Mimi hata mkinikalisha juu ya ndoo nawashinda," alisema Kamanda.

Msimamizi alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kupinga. Ningetoa sababu gani?

"Sina neno," nilisema.

Wifi akaenda kukaa kwenye kiti cha kaka. Alikivuta mbele, maana miguu yake ni mifupi, akaushika ule usukani niliokuwa nimeuwekea nguvu.

Njia ilikuwa ile aliyoichora yeye mwenyewe: maghala, daraja, kona ya mtambo wa saruji, kisha barabara ndefu iliyonyooka hadi mwanzo. Mizunguko mitatu.

"Toka mbele yangu! Kaza! Kaza, mshenzi wewe!" Kamanda alishaanza kulipigia gari lake kelele kabla taa hazijawaka.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa pili, pahali pangu. Kwenye maghala ya mzunguko wa pili gari jekundu lilinipita kwa ndani. Wifi hajawahi kunipita tangu azaliwe.

"Samahani wifi, nina haraka kidogo," alisema.

Nilijua ni nguvu yangu mwenyewe inayonipita. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, haikusaidia. Nilichokiandika kilikuwa kimeandikwa vizuri.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Kwenye kioo changu cha nyuma kulikuwa na gari la kijani. Kaka. Hakuwa na msaada wowote, mkono wa mashine ya wifi niliuzima mwenyewe, na bado alikuwa amenigandia nyuma kama kibandiko. Kwenye daraja alinigusa. Kwenye mtambo wa saruji alijaribu kunipita kwa nje, akakosa kidogo tu. Wakati huo nilisahau yote niliyoyafanya. Nilikuwa napigania meza yangu na kaka yangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika.

Mzunguko wa mwisho, barabara ndefu. Nilitazama kiooni. Gari la kijani halikuwepo.

Kamanda wa kwanza. Wifi wa pili. Mimi wa tatu. Kaka wa mwisho, mbali.

Kamanda aliuachia usukani wake polepole, kama mtu aliyekamatwa akila jikoni kwa watu.

"Masikio," alisema Msimamizi. "Pole sana. Nakushukuru kwa yote."

Kaka alivua hedifoni, akaziweka mezani, akazinyoosha waya.

"Kabla sijasimama," alisema, "gari la mke wangu limesaidiwa."

"Mume wangu!" Wifi alijifunika mdomo.

"Sisemi wewe. Nasema gari. Injini imepanda sauti pale kwenye maghala, na tena darajani. Injini ile niliirekodi mimi, nikiwa nimelala kifudifudi chini ya gari la watu, mafuta yakinidondokea sikioni. Naijua. Ilikuwa inavuta kuliko mguu uliokanyaga."

Kamanda hakungoja kuambiwa. Aliinamia mashine, akafungua, akasoma. Kila anayegusa hesabu za gemu, mashine humwandika jina.

"Mkono wa huruma umewashwa," alisema. "Umepunguzwa leo leo hii. Na aliyeugusa ni..." Aliinua uso. "Aa, Bi Breki. Jamani."

Msimamizi alinigeukia. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Ulitaka wifi yako ashinde?"

"Nilitaka kaka asishindwe. Hiyo ni mashine yake."

"Mimi?" Kaka aliinuka. "Mimi ndiye wa kusaidiwa? Umeniona kilema mbele ya watu? Nani alikuomba?"

Nilimtazama. Hakupepesa jicho.

"Wewe," nilisema. "Jana, sebuleni."

"Jana nimelala mchana kutwa."

"Ulipunguza televisheni ukaniomba."

"Muulize mke wangu nilikuwa wapi."

"Alilala," alisema wifi. Alikuwa analia, machozi halisi, yakidondoka juu ya usukani uliokuwa umefutwa vizuri. "Alikoroma hadi nikaongeza sauti ya televisheni. Wifi, jamani, kama umekosea sema umekosea. Usimtie kaka yako kwenye matope."

Nilifungua mdomo nieleze kwamba na yeye aliniomba, uani, akiwa na beseni tupu. Nikaona jinsi ingesikika. Mwanamke mmoja aliyekamatwa anadai kwamba watu wawili walimwomba mambo mawili yanayopingana, kila mmoja dhidi ya mwenzake, na kwamba wote wawili wanadanganya. Nikafunga mdomo.

"Matokeo haya hayafai," alisema Msimamizi. "Masikio, wewe ndiye uliyeumizwa, kwa hiyo nakuuliza wewe. Turudie mbio kwa haki, au aondoke aliyefanya hili?"

Kaka alitazama sakafu. Nilidhani anatafuta namna ya kuniokoa. Nilidhani hivyo kwa dhati, naandika ilivyokuwa.

"Tusirudie," alisema. "Mkono unaniuma."

Msimamizi aliandika kitu kwenye simu yake, akaniomba kwa adabu nikabidhi kazi zangu, akatoka kumwita mlinzi. Kamanda aliondoka kwenda jikoni, akisema anachemsha chai, na hakuna aliyekuwa ameomba chai.

Nilirudi kwenye mashine yangu kufunga vilivyokuwa wazi. Na kila baada ya mbio za Jumatatu mimi hufanya kitu kimoja kabla ya vyote: nasoma breki. Gemu huhifadhi kila mguu ulivyokanyaga, mstari mmoja kwa kila dereva, unapanda breki inapokanyagwa na kushuka inapoachiwa. Ndivyo ninavyojua breki zipi ni kali mno na zipi ni za kizembe. Nimesoma mistari hiyo kwa miaka, kama wengine wanavyosoma habari za michezo. Mkono wangu uliifungua wenyewe.

Mstari wa Kamanda, wa kijinga na wa ajabu, kama siku zote. Wangu, safi. Wa kaka ulinishangaza. Ulikuwa safi kuliko wangu. Kila kona alikanyaga mahali pale pale, kwa uzito ule ule. Mtu mwenye kifundo kibovu hupapasa usukani, na anayepapasa usukani hukanyaga breki ovyo. Huyu hakupapasa popote. Mizunguko miwili alikuwa dereva bora kuliko mimi.

Mzunguko wa tatu, katikati ya barabara ndefu, breki ilikanyagwa hadi chini.

Pale hapana kona. Nilikuwa mbele yake nikienda kasi, hapakuwa na gari la kugonga. Na mguu haukuteleza. Mguu ulioteleza huacha alama kama mwiba, juu, chini, basi. Hii ilikuwa na umbo la meza: umepanda, umetulia, umekaa, ndipo ukashuka.

Alisimama. Alingoja mpaka nimeondoka. Kisha akaendelea, wa mwisho.

Nikayapanga niliyokuwa nayo. Ni yeye aliyemweleza Msimamizi habari za Jumatatu. Waliniomba wote wawili, tofauti tofauti. Ningemsaidia yeyote, wangebadilishana viti, mmoja angeshinda bila kosa, mwingine angekuwa wa mwisho, aonekane amedhulumiwa bila kosa, na jina kwenye mashine lingekuwa langu. Katika watu wanne, mmoja alitakiwa kutoka. Wao walikuwa wawili, na walitaka kubaki wawili.

"Kaka," nilisema. "Njoo uone kitu."

Alikuja. Wifi alimfuata, macho yameshakauka. Nilimwonyesha kidole pale mstari ulipopanda. Anaijua mistari hiyo, amekaa karibu yangu miaka yote nikiisoma kwa sauti.

"Breki hii ni ya nini?"

Aliinamia skrini.

"Hapa hapana kona."

"Naona."

"Na mkono? Umewezaje kunigandia nyuma na mkono ule?"

Alikaa kwenye ukingo wa meza. Alivikunja na kuvikunjua vidole vya mkono wa kulia, vyote vitano, bila shida yoyote. "Ulipona siku nyingi," alisema. "Nilipenda ule mkono wako wa huruma, dada. Nilishindwa kuuaga. Nikawa nafanya mazoezi nyumbani ukienda sokoni."

"Ungeniambia. Ungenishinda kihalali, ningeondoka."

"Ungeondoka wewe? Angeondoka mke wangu. Wewe ungemwacha nyuma hata ukiendesha umefumba macho." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini hapewi kisu. "Sisi ni wawili. Wewe uko peke yako. Ilikuwa hesabu tu. Si unapenda hesabu?"

"Tena hatukukulazimisha," alisema wifi. "Tuliuliza. Ungefanya ulivyoniambia uani, ukazima zote, mimi ndiye ningekuwa nakusanya vitu vyangu sasa hivi. Umejifukuza mwenyewe, wifi."

Hilo ni kweli. Naliandika kwa kuwa ni kweli.

"Na chumba?" niliuliza.

Waliangaliana. Walikuwa wamekwisha kulizungumza, ilionekana, walisahau tu kukubaliana nani atalisema.

"Chumba ni chako mpaka mwisho wa mwezi," alisema wifi. "Sisi si wanyama. Leo tutachelewa kurudi, chakula utakikuta kwenye sufuria."

Kaka aliinama karibu na sikio langu. "Futa hiyo rekodi, dada. Bado una ruhusa ya kufuta. Mama akisikia nimefanya hivi, hatainuka kitandani."

"Na akisikia mimi nimefukuzwa kwa udanganyifu?"

"Atalia siku moja. Wewe ameshakuzoea. Mumeo alipokuacha alilia siku moja."

Jina langu lilikuwa bado linawaka juu ya skrini, na mshale ulikuwa juu ya rekodi. Kufuta ni kubofya mara mbili. Niliuweka mkono kwenye kipanya. Kaka alipoona hivyo, alipumua, akanipapasa mgongo kama alivyokuwa akinipapasa tulipokuwa wadogo nikipaliwa na maji.

Mlango ulifunguliwa. Msimamizi aliingia na mlinzi.

"Kadi ya mlango, mama," alisema mlinzi, kwa haya. Tumesalimiana kila asubuhi tangu tuhamie ghorofa ya nne. Nilimpa.

"Umemaliza?" Msimamizi aliuliza. Kisha akaona sisi watatu tulivyobanana. "Kuna nini hapo kwenye skrini?"

"Hakuna kitu," alisema kaka. "Anayaaga magari yake."

"Mwacheni ayaage," alisema wifi. Aliuweka mkono wake begani kwangu, akaukandamiza. "Maskini. Ameyalea."

Msimamizi aliniuliza mimi. "Kuna nini?"

Niliondoa mkono kwenye kipanya. Niliishika skrini kwa mikono miwili, nikaigeuza upande wake.